Ndege wa bahari ya kaskazini: nipige picha nikiwa botini au juu ya jabali?

Dereva wa Njiro (Arusha) – Swali

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni dereva na mwongoza watalii, makazi yangu ni Njiro, na kwa miaka tisa nimekuwa nikipiga picha za ndege katika nafasi ninazozipata kati ya safari moja na nyingine. Karibu ndege wangu wote nimewapiga nikiwa nimesimama juu ya kiti cha gari, paa likiwa wazi, lenzi imelazwa juu ya mfuko wa maharage na injini imezimwa. Mimi nimetulia, gari limetulia, anayesogea ni ndege peke yake.

Dada yangu ameolewa Aberdeen, Uskoti, na amenialika nikae kwake majuma matatu. Kazi yetu mnaijua: kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba siwezi kuomba ruhusa hata ya msiba wa jirani, ila masika yakishaingia, Aprili na Mei, magari hulala uani yakioshwa na mvua. Kwa hiyo nafikiria kuondoka mwanzoni mwa Aprili.

Shauku hii ilianzia Ndutu, kusini mwa Serengeti. Mgeni mmoja, mzee mkimya aliyepiga picha chache kuliko wenzake wote, alinionyesha usiku mmoja kambini picha ya ndege mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa akiingia baharini kichwa mbele, mabawa yamerudishwa nyuma mpaka mwili wote umekuwa kama mkuki, na nyuma yake wimbi la rangi ya risasi limeinuka kuliko boti waliyokuwamo. Aliniambia ndege huyo anaitwa ganeti, na kwamba picha ile aliipata baada ya kutapika mara tatu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za ganeti, za pafini mwenye mdomo wa rangi, na za fulma ambaye wanasema huruka siku nzima bila kupiga bawa.

Shida yangu ni bahari yenyewe. Nimepanda boti ya kwenda Unguja mara moja tu maishani, na nilianza kutapika kabla majengo ya Dar es Salaam hayajapotea machoni, siku ambayo abiria wengine walisema bahari ni shwari kabisa. Naomba kujua kama inawezekana kuwapiga ndege hawa nikiwa nchi kavu, au kama picha za maana hupatikana botini tu. Na kama ni botini, mtu mwenye lenzi ya milimita 150 hadi 600 hufanyaje pale ambapo hakuna pa kulaza mfuko wa maharage. Naomba pia ushauri wa tarehe, maana tiketi bado sijakata.

Mama Rau (Moshi)

Kaka wa Njiro, karibu sana. Niliishi Aberdeen miaka minne kwa masomo, na siku zangu za mapumziko zote nilizimalizia kwenye majabali ya pwani ile, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona.

Nianze na tarehe, kwa sababu hapo ndipo unapotaka kujikosesha. Ganeti hurudi kwenye miamba yao tangu Februari na kuondoka yapata Oktoba, hao hutawakosa. Lakini mwanzoni mwa Aprili pafini ndio kwanza wanarudi, na hawana utulivu: leo wamejaa, kesho hakuna hata mmoja, wote wako baharini. Buabua wa Aktiki, yule ndege wa gramu mia hivi ambaye kila mwaka husafiri kutoka ncha ya kaskazini ya dunia hadi ya kusini na kurudi, hufika Mei. Ningekuwa wewe ningeondoka Arusha yapata Mei 15 na kurudi siku za kwanza za Juni, kabla wageni hawajaanza kumiminika. Utakosa kitu kimoja, na ni vizuri ukijue mapema usije ukalaumu mtu: ile picha ya pafini aliyebeba safu ya visamaki mdomoni. Pafini hubeba samaki anapolisha kinda, na kwa kuwa yai hulaliwa kwa takriban majuma sita, vifaranga wengi huanguliwa Juni. Picha hiyo ni ya mwishoni mwa Juni na Julai, nawe wakati huo utakuwa kazini Seronera, Serengeti.

Sasa boti au jabali. Watu wa bara tunadhani siku nzuri ya kumtazama ndege wa bahari ni siku ya utulivu. Mimi nilidhani hivyo mwaka mzima wa kwanza. Siku ya utulivu ganeti hupita mbali, fulma amekaa juu ya maji kama bata, na pafini hupita kama jiwe lililorushwa, kwa maana mabawa yake ni mafupi na huyapiga hadi mara 400 kwa dakika. Siku upepo unapovuma kwa nguvu kila kitu hugeuka. Upepo ukigonga ukuta wa jabali hauna pa kwenda isipokuwa juu, na ndege huuegemea upepo huo unaopanda, akasimama hewani mbele yako kwa sekunde tano, sita, kumi, akichungulia kiota chake na kurekebisha mkia. Hapo huhitaji kumfukuza kwa lenzi. Yeye ndiye amekuja kusimama.

Kuna mahali paitwapo Troup Head, kaskazini mwa Aberdeen, ambapo ganeti huzaliana katika nchi kavu yenyewe, si kisiwani. Unaacha gari, unatembea kidogo kupita mashamba, na kabla hujaona chochote unasikia kelele na kupata harufu. Nilikwenda siku ya kwanza yenye upepo mkali kutoka baharini, nikarudi nyumbani na picha karibu mia tatu za mikia. Ndege husimama akiuelekea upepo. Kama upepo unatoka baharini naye uso wake uko baharini, na wewe uliyesimama nyuma yake juu ya jabali utaona mgongo tu. Siku ya pili nilitafuta sehemu ambapo mwamba umechomoza kama pua, nikalala kifudifudi juu ya pua hiyo na kuangalia nyuma, upande wa ukuta wenye viota. Nikawa nawaona kwa ubavu na kwa uso. Mmoja alishuka akajaribu kutua mara nne na kushindwa, na kila mara alipofunga breki alitandaza miguu mbele yangu, nikaona kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniambia: miguu yake ni meusi, lakini juu ya kila kidole kumechorwa mstari mwembamba wa kijani-buluu, kama wino wa kalamu, unaopanda hadi kwenye kifundo. Picha hiyo ninayo ukutani hapa Rau, na wageni huniuliza nimeichora wapi.

Kusini mwa Aberdeen, karibu na Stonehaven, kuna majabali ya Fowlsheugh, nayo yamejaa gilemoti, ambao hutaga yai moja juu ya jiwe tupu bila kiota, pamoja na shakwe wadogo waitwao kitiweki. Ukiweza kuwa na siku tatu zaidi, panda meli ya usiku kutoka Aberdeen hadi Lerwick, visiwa vya Shetland, safari ya saa kumi na mbili au zaidi, kisha uende kwenye mnara wa taa wa Sumburgh Head. Pafini pale huchimba mashimo karibu kabisa na ukuta wa njia. Mwishoni mwa Mei jua huchomoza huko yapata saa 10 alfajiri na kuzama yapata saa 4 usiku, kwa hiyo mwanga mzuri wa chini unaupata mara mbili kwa siku na bado unabaki na mchana mrefu wa kulala.

Boti usiiache kabisa, ila iwe asubuhi moja tu, na iwe ya Bass Rock. Ni mwamba uliochomoza zaidi ya mita 100 kutoka baharini, shina la volkano iliyokufa zamani sana, mashariki mwa Edinburgh. Kutoka Aberdeen unakwenda kwa treni, unabadilisha Edinburgh, unashukia mji wa North Berwick. Katika hesabu ya mwaka 2014 mwamba huo ulikuwa na viota vya ganeti zaidi ya 75,000, na jina la kisayansi la ndege huyo, *Morus bassanus*, limetokana nao. Zipo boti zinazotupa samaki majini ili ganeti wazamie karibu. Hapo, kaka yangu, lenzi yako ya 600 iache begini. Ndege watakuwa mita tano kutoka usoni pako, na utapata jicho moja na nusu ya mdomo. Azima ya milimita 70 hadi 200, au hata fupi zaidi.

Jihadhari na mambo mawili. Nyasi za ukingoni ambako kuna pafini zimetobolewa mashimo chini, ukikanyaga unaangusha nyumba ya mtu na pengine wewe mwenyewe unafuata. Na fulma usimsogelee kiotani, kwani hutema mafuta kutoka tumboni, na hutema kwa shabaha. Koti langu lilipigwa upande wa kulia. Nililifua mara sita, na mwenye nyumba wangu alinitaka nilitundike nje hadi nilipohama.

Mkazi wa Ngaramtoni

Ndugu mwuliza swali, sikuzuii safari, lakini nashangaa tunavyozungumza kana kwamba ndege wa bahari ni mali ya watu wa baridi. Kusini mwa Unguja, mbali na pwani, kuna kisiwa kidogo kisicho na mti, Fungu Kizimkazi, ambacho ramani nyingi hukiita Latham, na pale huzaliana ndege wa ukoo uleule wa ganeti, pamoja na buabua wa aina zaidi ya moja. Kufika si rahisi, nakiri. Hata hivyo kuna jambo jepesi zaidi: ukienda Mwanza kati ya Novemba na Machi, utaona shakwe wenye mgongo mweusi kando ya Ziwa Viktoria, na baadhi yao wamezaliwa Finland. Wanakuja wenyewe, bila viza, nawe unataka kuwafuata kwao kwa nauli ya ndege ya chuma.

Nimesema hayo kwa nia njema. Ukienda, tuletee picha tuone tofauti.

Baharia Mstaafu (Kibosho)

Mwanangu wa Njiro, marahaba. Watu hucheka wakisikia Mchaga amefanya kazi melini, lakini nimekula chumvi ya bahari miaka ishirini na mitatu kwenye meli za mizigo, na Bahari ya Kaskazini nimeivuka mara nyingi kuliko nilivyovuka daraja la Kikafu. Mambo ya kamera siyajui. Ya tumbo na miguu nayajua.

Mawimbi ya kule si sawa na ya mkondo wa Unguja. Bahari ile haina kina kikubwa, na upepo wake hubadilika upesi, kwa hiyo mawimbi huwa mafupi, ya wima, yenye kukaribiana. Chombo hakipati nafasi ya kupumua kati ya wimbi na wimbi. Mawimbi marefu ya Atlantiki, hata yakiwa makubwa, hukuinua na kukushusha kama bembea, na mtu huyazoea. Kwa hiyo ukisoma utabiri usisome urefu wa wimbi peke yake, soma na muda kati ya wimbi moja na jingine. Waingereza wameigawa bahari yao kwa majina na hutoa utabiri wa kila eneo: Bass Rock iko katika eneo la Forth, Troup Head katika Cromarty, na kwa Shetland utasikiliza Fair Isle. Wakitangaza kuwa bahari imechafuka, kwa kipimo chao maana yake ni mawimbi ya mita 2.5 hadi 4. Boti ndogo za watalii haziondoki katika hali hiyo, na nahodha akikuambia leo hatutoki, mshukuru, usimbembeleze. Bahari haishi zinge. Weka nafasi mbili tofauti, siku zilizoachana, ili moja ikifutwa ubaki na nyingine.

Kuhusu kichefuchefu: dawa humezwa saa moja kabla ya kuondoka, si baada ya tumbo kugeuka, maana wakati huo hurudi nayo. Mfamasia yeyote atakupa inayokufaa, nawe umuulize kama itakusinzisha. Usiende na njaa ukidhani ndiyo kinga. Kula mkate mkavu au ugali wa baridi kidogo. Simama kati ya chombo au kidogo upande wa shetri, yaani nyuma, kwa sababu omo, yaani mbele, ndiyo inayopanda na kushuka zaidi. Jicho liwe kwenye mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Na hapa ndipo ninyi wapiga picha mnapojiumiza wenyewe: kila baada ya picha mnainamisha kichwa kuangalia kioo kidogo cha kamera. Nimewaona wageni wazima kabisa wakianguka kwa kuinamia kioo dakika mbili. Picha zako utazitazama nchi kavu.

Sisi hufundishwa mkono mmoja wako, mkono mmoja wa chombo. Wewe kamera inataka yote miwili, basi tafuta ukuta wa chumba cha nahodha, uegemeze nyonga, magoti yakunjike kidogo, viwiko vibane mbavu. Usiegemeze kamera yenyewe kwenye chuma cha boti, injini itaitikisa. Kisha hesabu mawimbi. Chombo kikifika juu kabisa ya wimbi, kabla hakijaanza kushuka, kuna kitambo kidogo kinasimama. Hapo ndipo upige. Kaa upande wa demani, uliokingwa na upepo, ikiwezekana, kwa kuwa upande wa joshi, unakotoka upepo, rasharasha zote ni zako.

Na huyo fulma unayemtaja tulikuwa naye siku zote. Bahari ikichafuka, sisi tunakwenda mrama na vyombo vya jikoni vinavunjika, yeye yuko nyuma ya shetri ananing'inia, bawa limenyooka kama ubao. Anashuka kwenye bonde la wimbi ambako upepo umekingwa, kisha anapanda ghafla unakovuma, na tofauti hiyo ndiyo inayomsukuma. Alinikera sana usiku wa zamu yangu, ndege yule, kwa jinsi alivyokuwa hana wasiwasi.

Dereva wa Njiro (Arusha)

Mama Rau, Mzee wa Kibosho, nashukuru kupita kiasi. Tarehe nimezibadilisha leo hii hii, naondoka katikati ya Mei. Ndugu wa Ngaramtoni, shakwe wa Mwanza nimewaandika kwenye daftari, na maneno yako hayajaniudhi.

Nabaki na swali la mipangilio. Ganeti ni mweupe kabisa na maji ni meusi. Nahofia kurudi na picha za madoa meupe yasiyo na manyoya. Pia nauliza kuhusu chumvi, kwani kamera hii ndiyo pekee niliyonayo na sina ya akiba.

Fundi wa Kamera (Kaloleni, Arusha)

Ndugu Dereva, hilo la weupe unalijua tayari, ila hujalitambua. Umewahi kumpiga yangeyange akiwa juu ya mgongo wa nyati? Kamera huona weusi wa nyati umetawala fremu, ikadhani kuna giza, ikaongeza mwanga, na yangeyange akaungua. Ganeti juu ya bahari ya kaskazini ni yangeyange juu ya nyati mmoja mkubwa asiyeisha. Punguza mwangaza kwa hatua moja ya kipimo cha kamera, wakati mwingine hatua moja na theluthi mbili kama kuna jua, kisha uangalie grafu ya mwanga mara moja tu mwanzoni. Lakini ndege yuleyule akipanda juu ya upeo, mbingu nyeupe ikawa nyuma yake, hesabu hugeuka na utapata ndege wa kijivu. Kwa hiyo mimi hushauri uweke mipangilio yote kwa mkono, upime juu ya ndege mwenyewe, na usiiguse mpaka jua libadilike. Maji yawe meusi, mbingu iwe nyeupe, ndege hatabadilika.

Kwa ganeti aliyesimama kwenye upepo wa jabali, kama alivyoeleza Mama Rau, kasi ya shata ya 1/1600 ya sekunde inatosha. Kwa anayezamia usiteremke chini ya 1/2500, kwa sababu huanguka kutoka hata mita 30 na hugonga maji kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa. Usijaribu kumnasa akishafunga mabawa, umechelewa. Mshike kwa fokasi akiwa bado anazunguka juu. Mara anapotazama chini na kupinduka upande mmoja, anza kupiga mfululizo na umfuate hadi majini. Utatupa picha tisini na tano katika kila mia, nami nasema hivyo kwa kukutia moyo.

Chumvi. Mwaka jana niliifungua lenzi ya mteja aliyekuwa amekaa pwani siku nne tu. Kwa nje iling'aa, lakini mzingo wa kuvuta karibu ulikuwa unakwaruza kama changarawe kwenye bakuli, na skrubu tatu zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Alikuwa akiifuta kila jioni, tena kwa bidii, kwa kitambaa kikavu. Hapo ndipo kosa. Rasharasha likikauka huacha chembe za chumvi, na kitambaa kikavu huzisaga na kuzisukuma ndani ya viungo. Kwanza pitisha kitambaa kilicholowekwa maji baridi ya kunywa na kukamuliwa vizuri, mara mbili, ndipo ufuate na kikavu. Botini funika kamera kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa mbele na kufungwa kwa raba kwenye kingo ya lenzi. Usibadilishe lenzi baharini kabisa, hata kama unaona kuna nafasi.

Ukitoka kwenye baridi kuingia nyumba yenye joto, usifungue begi kwa saa moja au mbili, la sivyo kioo kitaloa jasho ndani na nje. Mambo ya betri sitakufundisha, kwa sababu nyote mliowahi kulala kwenye baridi ya kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mnajua kwa nini betri hulala na mtu ndani ya mfuko wa kulalia. Kule nako ziweke kwenye mfuko wa ndani wa shati.

Mama Rau (Moshi)

Naongeza moja tu, kuhusu ugonjwa. Mafua ya ndege ya mwaka 2022 yaliua ganeti wengi sana Bass Rock. Ukipata picha ya karibu, angalia jicho. Kwa kawaida ni la buluu iliyopauka, karibu nyeupe. Baadhi ya waliougua wakapona wamebaki na jicho jeusi, kwa hiyo utakayemwona hivyo si kosa la kamera. Ukikuta ndege aliyekufa usimguse, na viatu uvisafishe kabla hujahama kutoka jabali moja kwenda jingine.

Halafu, kwa kuwa unapenda fulma, utafute picha mbili za profesa George Dunnet, aliyekuwa akiwavisha fulma pete katika kisiwa cha Eynhallow, visiwa vya Orkney. Ya kwanza ilipigwa mwaka 1951, ni kijana amemshika fulma. Ya pili ni ya mwaka 1986, amemshika fulma yuleyule. Profesa amezeeka kabisa. Ndege hana hata dalili.

Dereva wa Njiro (Arusha)

Ndugu zangu, narudi na taarifa. Jumamosi iliyopita nilikwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, nikamlipa mvuvi mmoja mwenye mashua ya injini anizungushe kuanzia saa 9 alasiri, ambapo upepo huwa umeshakuwa mkali na maji yamejaa viwimbi vifupi vya hasira. Nilimeza dawa saa moja kabla, nikala vipande viwili vya mkate, nikaegemeza nyonga kwenye rundo la nyavu maana ukuta hakuna. Niliazima lenzi ya 70 hadi 200.

Nilimlenga mdiria mweusi-mweupe, yule anayeganda hewani kabla ya kuzamia, kwa kuwa kwetu hapa hakuna mwalimu wa ganeti aliye karibu zaidi yake. Picha 412. Katika 380 ndege hayumo kabisa, yamo maji, au anga, au kofia ya mvuvi. Niligundua kwamba nilikuwa nikipiga mashua ikishuka, kwa kuwa ndipo nilipoona ndege anakuja chini, nayo macho yangu yalikuwa yakishuka pamoja naye. Nilipoanza kuhesabu kama alivyoelekeza Mzee, nikasubiri kile kitambo cha juu ya wimbi, zilianza kupatikana. Kumi na moja ni kali. Moja ina mdiria ambaye ncha ya mdomo imegusa maji na duara la kwanza la wimbi halijafunguka, weupe wa kifua una kila nyoya, kwa kupunguza hatua moja na theluthi.

Sikutapika. Mvuvi ndiye aliyeniuliza kama naumwa, kwa jinsi nilivyokuwa nimekodoa macho milima ya Upare bila kupepesa.

Nimeweka nafasi mbili za boti kwa Bass Rock, Mei 20 na Mei 27, na siku zinazobaki nitamwachia dada anipeleke Troup Head kila upepo utakapovuma. Ameshaniuliza kwa simu kwa nini namwombea hali mbaya ya hewa.